Hati ya Upekuzi Ikikosewa, Kielelezo Kinapona?

Katika mashauri ya kukutwa na mali, iwe bangi, meno ya tembo au sukari iliyopitishwa njia za panya, mvutano mkubwa mara nyingi hausubiri hukumu. Huanza mapema, pale askari aliyefanya upekuzi anapoiomba mahakama ipokee mzigo uwe kielelezo. Wakili wa utetezi anasimama: "Mheshimiwa, tuna pingamizi." Hati ya upekuzi, anasema, ina kasoro. Jina la mshtakiwa limekosewa, tarehe ya hati na ya upekuzi haziendani, saa haikujazwa, aliyeshuhudia hakutia saini. Wakili wa Serikali anajibu kwamba hizo ni dosari ndogo zisizogusa kiini cha shauri. Hakimu anaandika uamuzi mdogo, na uamuzi huo mdogo ndio unaoweza kuibeba au kuiangusha kesi nzima.

Kuhusu jambo hili kuna imani mbili zinazogongana. Ya kwanza ni ya mtaani: karatasi ikikosewa, kesi imekufa. Ya pili ni ya baadhi ya wapelelezi: mzigo umeonekana kwa macho, karatasi ni urembo. Sheria ya Tanzania haikubaliani na upande wowote kati ya hizo. Haiui ushahidi kwa kosa la kalamu, wala haiuponyi kwa sababu tu mzigo umepatikana. Kinachopimwa ni kosa lile limeondoa nini: limeondoa mamlaka ya kuingia, limeondoa uhakika kwamba kitu kilitoka pale, au limechafua karatasi tu?

Mpaka wenye wapekuzi wengi

Kuna sababu ya kuliangalia swali hili tukiwa Tunduma. Mji huu uko ukingoni mwa Zambia, na mtu anavuka kwenda Nakonde kwa miguu. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam inapita hapa, reli ya TAZARA inapita hapa, na kituo cha pamoja cha huduma za mpakani kilizinduliwa rasmi Oktoba 2019. Malori yanayoelekea Zambia na migodi ya shaba ya Kongo husimama kwa foleni. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una pia dhahabu, kahawa ya Mbozi na njia nyingi za vichochoroni kuelekea Zambia na Malawi. Palipo na biashara kama hiyo, upekuzi ni jambo la kila siku.

Wanaopekua nao si wamoja. Polisi wanaongozwa na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, iliyotungwa mwaka 1985. Maofisa wa forodha wana Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, inayowapa uwezo mpana wa kusimamisha magari na kukagua mizigo inayoshukiwa kukwepa ushuru. Maofisa wa wanyamapori wana Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kifungu chake cha 106 kinawaruhusu kupekua bila hati wakiwa na sababu za msingi, ila nyumba ya kuishi wasiiingie bila hati, isipokuwa awepo walau shahidi mmoja huru. Wanaopambana na dawa za kulevya wana sheria yao ya mwaka 2015, yenye fomu zake na utaratibu wake.

Kwa hiyo swali la kwanza mahakamani si "hati iko wapi?" Swali ni "ulipekua kwa sheria ipi?" Ofisa wa forodha anayefungua turubai la lori kizuizini hahitaji karatasi ambayo askari anaihitaji kuingia chumbani kwa mtu. Pingamizi nyingi huanguka hapa, kwa sababu wakili amedai hati mahali ambapo sheria haikuitaka. Na Jamhuri nayo huanguka hapa hapa, pale mpelelezi anaposhindwa kueleza mamlaka yake yalitoka kifungu gani.

Karatasi ikisomwa mstari kwa mstari

Tuchukue mfano wa kubuni: nyumba moja ya kupanga katika eneo la Sogea, Tunduma. Polisi wamepata taarifa kwamba chumba cha uani kina bangi. Kifungu cha 38 cha Sura ya 20 (namba za vifungu humu ni za Toleo la 2022) kinampa mkuu wa kituo njia mbili. Anaweza kwenda kupekua mwenyewe, au kumpa askari aliye chini yake idhini ya maandishi. Idhini hiyo ndiyo watu wengi wanaiita hati ya upekuzi. Ikitolewa, sheria inataka hakimu apewe taarifa mapema iwezekanavyo: idhini ilitolewa, kwa sababu gani, na upekuzi ulileta nini. Kitu kikichukuliwa, lazima itolewe stakabadhi yenye saini ya mwenye nyumba, au ndugu yake wa karibu, au aliyekuwa na mamlaka ya mahali pale, pamoja na saini za mashahidi wa upekuzi kama walikuwepo.

Sasa tuingize makosa. La kwanza: jina la mpangaji limekosewa herufi mbili. Nyumba ni ile ile, mtu ni yule yule, alikuwepo, alisaini. Hapo hakuna aliyedhulumiwa na hakuna aliyepotoshwa. Ni kosa la kalamu, nalo halipaswi kumfungulia mtu mlango wa gereza wala kumfungia.

La pili: hati inataja nyumba ya mtu mwingine, lakini askari wakaingia hii. Hili ni kosa la mizizi. Idhini ilitolewa kwa mahali pamoja, wao wakapekua pengine. Kuhusu nyumba iliyopekuliwa, hawakuwa na hati kabisa.

La tatu: hati ina tarehe ya siku iliyofuata upekuzi. Huenda mwandishi alikosea kalenda. Huenda karatasi iliandikwa kituoni baada ya mzigo kupatikana, ili kuvalisha nguo kitu kilichokwisha kufanyika. Maelezo yatoke kwa aliyeisaini, kizimbani, chini ya maswali ya dodoso. Asipoletwa, shaka inabaki, na katika jinai shaka ni ya mshtakiwa.

La nne: hati ni safi, lakini upekuzi ulifanyika saa nane usiku. Kifungu cha 40 kinataka hati ya upekuzi itekelezwe kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, ila mahakama iwe imeruhusu saa nyingine. Karatasi yenyewe haina kosa. Kosa liko katika namna ilivyotumika. Linatosha kuzua pingamizi zito, hasa kama Jamhuri haiwezi kuonyesha ni kitu gani kiliwazuia kusubiri asubuhi.

La tano: kila kitu kiko sawa, ila saini ya mwenyekiti wa mtaa haipo kwenye orodha ya vitu vilivyochukuliwa. Mahakama ya Rufani imeeleza, katika Rufaa ya Jinai Na. 384 ya 2008, kwamba shabaha ya stakabadhi na saini za mashahidi ni kuhakikisha kitu kilichokamatwa hakikutoka mahali pengine ila pale palipotajwa, na kwamba utaratibu ukifuatwa malalamiko ya kubambikiwa yatapungua sana. Basi saini isipokuwepo, hakimu anauliza: uhakika huo umepatikana kwa njia nyingine? Mshtakiwa mwenyewe alisaini? Mwenyekiti alikuja mahakamani akasema alichoona? Kama majibu ni ndiyo, pengo limezibwa. Kama shahidi pekee ni askari waliopekua, pengo liko wazi.

Kifungu cha 169 kinasema nini hasa

Moyo wa suala zima uko kwenye kifungu cha 169 cha Sura ya 20. Kinasema kwamba pakitolewa pingamizi kuwa ushahidi umepatikana kwa kukiuka Sheria hiyo au sheria nyingine yoyote, mahakama, kwa hiari yake kamili, isiupokee, isipokuwa iridhike kwa mizania ya uwezekano kwamba kuupokea kutayanufaisha maslahi ya umma mahsusi na kwa kiasi kikubwa, bila kuathiri isivyostahili haki na uhuru wa mtu yeyote. Kisha kinataja mambo ya kupima: uzito wa kosa linaloshtakiwa, ugumu na uharaka wa kumpata mhalifu au kuhifadhi ushahidi, uzito wa ukiukaji wenyewe, na kama ushahidi ule ule ungeweza kupatikana kwa njia halali. Mzigo wa kuishawishi mahakama uko kwa anayetaka ushahidi upokewe.

Mpangilio huo wa maneno una maana kubwa. Ukiukaji ukishaonekana, sheria inaanzia kwenye "usipokee", na Jamhuri ndiyo inayotakiwa kuinua mguu kupanda ngazi. Lakini hiari ni hiari. Katika Rufaa ya Jinai Na. 67 ya 2010, iliyohusu maelezo ya onyo, Mahakama ya Rufani ilikataa wazo kwamba kila ukiukaji wa Sura ya 20 unafuta ushahidi moja kwa moja; kila shauri lipimwe kwa mazingira yake. Uamuzi huo hunukuliwa sana na mawakili wa Serikali, wakati mwingine kana kwamba umekigeuza kifungu kichwa chini miguu juu. Haukufanya hivyo. Kusema ushahidi haufi papo hapo si kusema unaishi papo hapo.

Ipo pia ngao ya kifungu cha 388, inayosema hukumu isitenguliwe kwa sababu ya kosa la kiutaratibu kama kosa hilo halikusababisha haki kupotea, na Ibara ya 107A ya Katiba inayozitaka mahakama zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Hizi ni ngao halali. Ila faragha ya mtu na maskani yake, inayolindwa na Ibara ya 16 ya Katiba hiyo hiyo, si sharti la kiufundi.

Tumetoka wapi

Msimamo huu una historia ndani ya Afrika Mashariki yenyewe. Mwaka 1952 Kenya ilitangaziwa hali ya hatari kutokana na vita vya Mau Mau, na kanuni za dharura ziliruhusu upekuzi ufanywe na polisi wa cheo cha msaidizi wa inspekta au zaidi. Mfanyakazi aitwaye Kuruma, mwana wa Kaniu, akiwa kwenye baiskeli, alisimamishwa kizuizini na kupekuliwa na askari wa cheo cha chini ya hicho. Wakadai wamemkuta na risasi 2 na kisu cha mfukoni. Kisu hicho hakikuletwa mahakamani. Alihukumiwa kifo. Rufaa ilipofika Baraza la Faragha mjini London, uamuzi wake, ulioripotiwa mwaka 1955, uliweka kanuni nyepesi kuitamka: ushahidi ukiwa unahusika na jambo linalobishaniwa, mahakama haijishughulishi na namna ulivyopatikana, ingawa jaji ana hiari ya kuukataa pale unapomwonea mshtakiwa.

Kanuni hiyo ya kikoloni ilitawala mahakama za eneo letu kwa miaka mingi. Inafaa kuikumbuka tunapotazama kizuizi chochote cha barabarani: pale Kenya, sharti la cheo halikuwa pambo. Lilikuwa kinga pekee kati ya mpita njia na risasi 2 ambazo hakuna aliyejua zilitoka wapi.

Marekani ilikwenda upande mwingine. Mwaka 1961, katika shauri la Mapp dhidi ya Ohio, Mahakama ya Juu iliamua kwamba ushahidi uliopatikana kwa upekuzi usio halali ukataliwe hata katika mahakama za majimbo. Mwaka 1984, katika shauri la Leon, mahakama hiyo hiyo ililegeza: askari aliyeitegemea kwa nia njema hati iliyotolewa na hakimu, na baadaye ikaonekana ina kasoro, ushahidi wake unaweza kupokewa. Kenya nayo, kwa Ibara ya 50(4) ya Katiba ya 2010, inaukataa ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za msingi pale ambapo kuupokea kungeiharibu haki ya kesi au kuidhuru shughuli ya utoaji haki. Tanzania, kwa kifungu cha 169, iko katikati, na iliingia hapo mwaka 1985, miaka 25 kabla ya Katiba mpya ya Kenya.

Neno dharura

Jamhuri ikiona haina hati, kimbilio lake huwa moja: dharura. Kifungu cha 42 kinaruhusu upekuzi bila hati pale uzito na uharaka wa jambo unapodai hatua ya papo hapo. Kwa Tunduma kifungu hiki kina uhalali wake. Dereva wa lori lenye tangi la pembeni lisiloendana na michoro ya gari hawezi kuambiwa asubiri askari arudi kituoni kuchukua karatasi. Dakika chache tu, yuko upande wa Zambia, na kila kilichomo kimekwenda naye. Hiyo ni dharura, na mahakama haitaona taabu kuikubali.

Lakini nyumba ambayo askari wameichunga siku tatu, mtoa taarifa akiwa ameelekeza hadi rangi ya mlango, mkuu wa kituo akiwa ofisini na kalamu mezani, haina dharura. Muda wa kuandika idhini ulikuwepo. Kilichokosekana ni nia. Katika Rufaa ya Jinai Na. 390 ya 2019, Mahakama ya Rufani haikuukubali ushahidi wa upekuzi wa nyumbani uliofanywa bila hati wakati hakukuwa na dharura. Na katika Rufaa Na. 118 ya 2020 ilieleza kwa nini masharti haya yanabana: yanalinda faragha na utu wa raia, na yanazuia ofisa mwenye nia mbaya asipandikize kitu katika nyumba ya mtu. Kanuni za ndani za Jeshi la Polisi, Agizo la Jumla namba 226, nazo zinakataza upekuzi wa majengo bila hati nje ya mazingira ya dharura. Askari anayepuuza hati anavunja hata agizo la jeshi lake.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya hati yenye kosa na kukosekana kwa hati. Yenye kosa inaonyesha kwamba mtu mwenye mamlaka alikaa, akafikiri, akatoa idhini, hata kama mkono wake uliteleza. Isiyokuwepo inaonyesha kwamba hakuna aliyefikiri kabla ya mlango kupigwa.

Karatasi ikifutwa, nini kinabaki

Hata hati ikianguka, kesi haifi lazima. Nyaraka nyingi za upekuzi huondolewa kwenye kumbukumbu za mahakama kwa sababu isiyohusiana na upekuzi kabisa: zilipokewa bila kusomwa kwa sauti. Tangu uamuzi wa Robinson Mwanjisi ulioripotiwa mwaka 2003, utaratibu uko wazi: waraka ukaguliwe, upokewe, kisha usomwe mshtakiwa asikie. Hati ya ukamataji isiposomwa inafutwa, lakini ushahidi wa mdomo wa walioshuhudia unaweza kusimama badala yake, ukiwa unaaminika. Mwenyekiti wa mtaa anayeeleza kwa ufasaha kitu kilitolewa uvunguni, kikahesabiwa mbele yake, kikafungwa, ana uzito kuliko karatasi iliyojazwa vizuri na mtu ambaye haji kuulizwa.

Kisha kuna mnyororo wa utunzaji wa kielelezo, uliowekewa msingi katika Rufaa Na. 110 ya 2007. Nani alikipokea kitu kutoka kwa nani, kikawekwa wapi, kikaenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali lini, kikarudi na nani. Hapa asili ya kitu ina uzito wake. Jino la tembo lenye alama ya namba si rahisi kubadilishwa; unga mweupe kwenye mfuko wa nailoni ni rahisi. Kwa hiyo kosa lile lile la hati linaweza kusameheka kwenye kesi ya meno ya tembo na likawa sumu kwenye kesi ya dawa za kulevya.

Upande wa utetezi nao una somo lake. Kifungu cha 169 kinafunguka kwa pingamizi. Mshtakiwa aliyenyamaza kielelezo kilipopokewa, asimuulize askari swali hata moja kuhusu hati, kisha akaamka kwenye rufaa, atapata taabu kueleza alikuwa wapi. Na saini yake mwenyewe kwenye hati ya ukamataji, bila malalamiko ya kulazimishwa, mara nyingi huzima kilio cha kutopewa stakabadhi.

Uzito wa hoja ya upande wa pili

Wapo wanaosema tunawabeba wahalifu. Hoja hiyo haipaswi kubezwa. Mfanyabiashara wa Tunduma anayelipa ushuru huumia anapoona mshindani wake mwenye bidhaa za magendo anatoka mahakamani akitabasamu kwa sababu ya tarehe iliyokosewa. Ndiyo maana tarehe iliyokosewa peke yake isitoshe, na kifungu cha 169 kimewapa mahakimu uwezo wa kusema hivyo. Lakini mfanyabiashara huyo huyo ndiye mwenye ghala, ndiye mwenye duka, ndiye mwenye washindani wanaojua namba ya simu ya kituo. Siku akipekuliwa yeye kwa taarifa ya uongo, kinga yake itakuwa karatasi ile ile aliyoidharau.

Na lawama ielekezwe panapostahili. Mahakama inapokataa kielelezo haimwachii mhalifu kwa huruma. Inakataa kuwa mshirika wa upekuzi uliovunja sheria. Aliyemwachia ni yule aliyekuwa na saa nzima ya kuandika mistari mitano na hakuiandika.

Jibu la swali letu, basi, ni hili. Kosa katika hati, peke yake, halifanyi ushahidi usipokelewe. Linafanya hivyo likiwa limeng'oa mamlaka ya kupekua, au limeacha shaka ya kweli kuhusu kitu kilitoka wapi, na Jamhuri ikashindwa kuonyesha kwamba maslahi ya umma yanazidi haki iliyovunjwa. Mkuu wa kituo aandike idhini kabla, aitaje nyumba sahihi, ampe hakimu taarifa. Mwenyekiti wa mtaa asisaini kitu asichokiona kwa macho yake. Na wewe mwenye nyumba, uliza jina la ofisa, soma kabla ya kusaini, dai nakala. Ukikataa kusaini, sema sababu mbele ya mashahidi, kisha umwambie wakili wako siku ya kwanza, si siku ya rufaa.